Steringi Hafi: Ibada ya Shujaa na Maisha Halisi katika Filamu za Kitelugu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha kuonyesha filamu hapa Morogoro. Siku hizi wateja wangu hawataki kingine ila filamu za India ya kusini, zile za Prabhas, Allu Arjun na Ram Charan, zilizotafsiriwa na ma-DJ wetu. Dada yangu anasoma chuo kikuu. Alikuja likizo, akakaa kibandani nusu saa, akatoka. Aliniambia ile si sinema, ni watu wanamwabudu mtu: steringi mmoja anapiga hamsini na hatoki hata jasho. Akasema watu wenye sinema ya maana husimulia maisha yao. Nilikosa jibu. Je, ana haki? Watelugu hawana filamu za maisha ya kweli? Na kama wanazo, mbona hazitufikii?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu, nami nitaanza na la mwisho kwa kuwa ndilo linalofungua mengine.

Fikiria safari ya filamu mpaka ifike kibandani kwako. Imetengenezwa Hyderabad kwa Kitelugu, lugha ambayo sensa ya India ya mwaka 2011 iliihesabia wasemaji milioni 81, wengi wao katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Ikatiwa sauti za Kihindi ili iuzike kaskazini. Kisha ikavuka bahari, na DJ wetu akaweka Kiswahili chake juu ya Kihindi hicho. Wateja wako wanaiita filamu ya Kihindi, na Kitelugu chenyewe kimeshaachwa njiani. Kinachobaki baada ya safari hiyo ni kile kisichotegemea maneno: ngumi, wimbo, mama analia, steringi anashuka garini polepole huku upepo ukimpepea shati. Isitoshe, DJ anahitaji uwanja wa kucheza. Mapigano ya dakika nane yanampa uwanja huo. Anatania, anasifia, anatangaza kama mpira. Filamu ya wazee wanaoteta kwa lafudhi ya kijijini juu ya nyama iliyogawanywa vibaya kwenye karamu haimpi pa kuanzia. Kwa hiyo filamu hizo zipo, nyingi, na nitakutajia. Dada yako ameuhukumu mto kwa magogo yanayoelea.

Ila neno lake, kuabudu, limegonga penyewe. Filamu ya kwanza ya Kitelugu yenye sauti, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa kisa cha Prahlada, mtoto aliyeshika imani yake mbele ya baba mfalme aliyetaka kumuua. Visa vya miungu vikawa nguzo ya biashara kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1957 K. V. Reddy aliongoza Mayabazar, na mungu Krishna wa filamu ile aliigizwa na N. T. Rama Rao, ambaye kila mtu humwita NTR. Aliigiza Krishna na Rama mara nyingi, hata sura yake ikachapwa kwenye kalenda na kutundikwa majumbani kama picha ya mungu mwenyewe. Mahujaji waliotoka kwenye hekalu la Tirupati waliunganisha safari mpaka Madras (Chennai ya leo), kwa kuwa sinema ya Kitelugu ilikuwa na makao yake huko zamani hizo, wakasimama mbele ya nyumba yake ili wamwone kwa macho.

Machi 1982 NTR alianzisha chama chake, Telugu Desam, akazunguka jimbo zima la Andhra Pradesh juu ya gari lililogeuzwa jukwaa, akihubiri heshima ya Watelugu walioona wanadharauliwa na wakubwa wa Delhi. Januari 1983, haijatimia hata miezi kumi, chama kilipata viti takribani 200 kati ya 294 vya bunge la jimbo, naye akaapishwa kuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo. Nakusimulia siasa kwa makusudi. Yule mkulima aliyeketi viti vya mbele akipiga miluzi hakuwa mjinga aliyechanganya filamu na dunia. Alijua vizuri kabisa kuwa yule ni mwigizaji. Alichokuwa anashangilia ni mtu wa lugha yake kusimama wima, na ilipokuja siku ya kura alikidai kitu hicho kwa jina lake.

Mwaka uleule wa 1983, filamu ya Khaidi ilimtoa Chiranjeevi. Huyu hakuwa mungu. Alikuwa mtoto wa mkulima aliyedhulumiwa na tajiri wa kijiji, na katika filamu zilizofuata alikuwa mchukuzi wa sokoni, dereva wa riksho, mhuni mwenye moyo. Ibada ikashuka kutoka hekaluni ikaingia mtaani. Vyama vya mashabiki vikasambaa hadi vijijini. Tangu 1998 hata benki ya damu ina jina lake, na mashabiki huenda kuchangia. Siku filamu mpya inapotoka, vijana husimamisha sanamu bapa la steringi lenye urefu wa ghorofa kadhaa nje ya ukumbi, wakalivisha mashada ya maua na kulimwagia maziwa kichwani. Kumwagia maziwa ni tendo la hekaluni, ndivyo sanamu la mungu linavyooshwa. Hapo dada yako hakutia chumvi hata kidogo.

Heshima hiyo ya kudai, basi, iligeukaje kuwa minyororo ya mwandishi? Jibu liko kwenye pesa. Filamu kubwa ya Kitelugu kwa kawaida huuzwa kwa wasambazaji kabla haijatoka, kanda kwa kanda. Ramani yao ya biashara ina majina ya kihistoria mpaka leo: eneo la Telangana wanaliita Nizam, kwa jina la mtawala wa zamani wa Hyderabad, na eneo la Rayalaseema wanaliita Ceded, yaani lile Nizam alilowakabidhi Waingereza. Msambazaji wa Ceded hanunui hadithi, maana hajaisoma. Ananunua jina la steringi, na anategemea siku tatu za kwanza zirudishe mtaji. Wanaojaza siku hizo tatu ni mashabiki. Na shabiki anajua anachodai: namna steringi atakavyoingia, akionekana viatu kwanza, kisha mgongo, kisha uso; mshindo kabla ya mapumziko; wimbo wa kucheza; na zile sehemu ambazo wenyewe wanaziita elevesheni, pale ambapo wahusika wengine wote wanasimamisha maisha yao ili watuambie huyu bwana ni nani.

Ona kazi anayobaki nayo mwandishi. Vituo vimeshapangwa, kazi yake ni kuendesha basi. Adui lazima awe mkubwa ili steringi aonekane mkubwa, lakini asiwe na akili ya kumshinda. Mwanamke awe mzuri, acheze, kisha atoweke kwenye nusu ya pili wakati mambo yanapokuwa mazito. Mwaka 2022 filamu ya Dhamaka ilimpa Ravi Teja, aliyezaliwa 1968, mchumba aliyeigizwa na Sreeleela, aliyezaliwa 2001, na hadithi haikuona haja ya kulieleza pengo hilo. Haikuulizwa. Steringi hazeeki kama ambavyo hafi.

Nimefundisha uandishi wa skripti miaka mingi, na ninawapa wanafunzi kipimo kimoja tu cha shujaa. Usihesabu aliowapiga. Tazama kama anaweza kupoteza kitu kisichorudi. Sisi wenyewe tuna Fumo Liyongo. Alikuwa jitu, mkuki haumwingii, minyororo aliikata kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa mama yake. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kulalamika kuwa kisa cha Liyongo si cha kweli kwa sababu ya nguvu hizo. Kinachokikaza kisa kile kooni ni sindano ya shaba kitovuni, na mkono ulioishika, mkono wa mwanawe wa kumzaa. Ukubwa wa shujaa haujawahi kuwa adui wa ukweli. Adui ni hofu ya kumgusa.

Kwa kipimo hicho, tazama upya filamu ambayo bila shaka umeionyesha mara nyingi, RRR ya S. S. Rajamouli, ya mwaka 2022. Wale wawili si watu wa kubuni. Alluri Sitarama Raju aliongoza watu wa misituni dhidi ya Waingereza, akauawa mwaka 1924. Komaram Bheem wa kabila la Gond alipigana na utawala wa Nizam kwa ajili ya maji, misitu na ardhi, akauawa mwaka 1940. Hakuna ushahidi kuwa waliwahi kuonana. Rajamouli aliwakutanisha kwa kuwaza, na kuwaza si kosa. Akampa Raju sura ya Ram Charan, mtoto wa Chiranjeevi, na Bheem akampa NTR mdogo, mjukuu wa yule NTR wa kalenda. Nami naipenda filamu ile. Kazi ya kamera, mpangilio wa ngoma iliyompatia Keeravani na Chandrabose tuzo ya Oscar mwaka 2023, ile furaha ya wanaume wawili kuwa marafiki, ni mambo ya fundi mkubwa. Lakini Bheem wa kweli alipigana na mtawala wa nyumbani, na filamu ikamhamishia kwa Mwingereza, adui ambaye leo hakuna mtazamaji anayemwonea haya. Na wote wawili wanashinda. Mashujaa waliouawa wamenyang'anywa kifo chao kwa sababu majina ya waigizaji hayakubali kifo.

Ungeweza kuniambia, Mwalimu, mashabiki wasingekubali. Mwaka 1974 mwigizaji Krishna, baba yake steringi Mahesh Babu, alimwigiza Alluri huyohuyo katika filamu yake ya mia moja, na mwisho shujaa anapigwa risasi. Watu walijaa kumbi. Na miaka 21 kabla ya hapo, Akkineni Nageswara Rao, aliyekuwa mpinzani mkuu wa NTR kwa umaarufu, alijenga jina lake juu ya Devadasu, mwanamume dhaifu aliyeshindwa kumtetea mpenzi wake mbele ya baba yake, akajinywea pombe mpaka kaburini. Hakumpiga hata mtu mmoja. Hofu ya kumgusa shujaa si ya asili kwa Watelugu. Imekua polepole, kadiri mshahara wa steringi ulivyopanda.

Sasa nikupe mkondo mwingine wa mto. Wakati elevesheni zikikua, kulikuwa na watu waliofanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Goutam Ghose, Mbengali, alitengeneza Maa Bhoomi mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhusu maasi ya wakulima wa Telangana ya miaka ya 1946 hadi 1951, na kijiji chote ndicho shujaa. B. Narsing Rao, mmoja wa watayarishaji wake, alikuja kuongoza Daasi mwaka 1988, kuhusu mwanamke mtumwa katika jumba la mwenye ardhi. Filamu ile ni ya kimya kinachouma: anafagia, anabeba maji, anaitwa usiku. Archana, aliyemwigiza, alipata Tuzo ya Taifa. Hizi ni filamu nzito na kibandani kwako hazitalipa umeme, lakini dada yako azitafute.

Aliyenifundisha mimi zaidi ni K. Viswanath, aliyefariki mwaka 2023, kwa sababu alifanya kazi katikati ya soko lenyewe. Sankarabharanam ya mwaka 1980 ina steringi mzee mwenye mvi, mwalimu wa muziki wa kale ambaye zama zinampita. J. V. Somayajulu, mtu wa jukwaani, ndiye aliyemwigiza. Hakuwa na jina la kuuza. Filamu ikapendwa kupita kiasi. Mwaka 1987 Viswanath alimchukua Chiranjeevi, kilele cha umaarufu wake, akamkalisha chini ashone viatu. Katika Swayamkrushi ni fundi viatu asiyejua kusoma, anayeinuka kwa kazi ya mikono yake na kuumizwa na mtoto aliyemlea. Chiranjeevi akapata tuzo ya jimbo, Nandi. Mwaka uliofuata, ndugu yake akatayarisha Rudraveena chini ya K. Balachander, ambamo Chiranjeevi ni kijana wa Kibrahmini, tabaka la juu la makuhani, anayempinga baba yake, mwanamuziki mkubwa asiyetaka kuwagusa wanyonge. Ikapata tuzo ya kitaifa, na ikala hasara. Msambazaji hahitaji somo zaidi ya hilo. Mara nyingi nimewaza njia ambayo sinema ile ingechukua kama Rudraveena ingelipa.

Mambo yakabadilika tena kuanzia kama mwaka 2016, na sababu ni za kawaida sana: kamera za bei nafuu, Watelugu wa Marekani waliolipia tiketi za filamu ndogo, na baadaye majukwaa ya intaneti. Tharun Bhascker akatoa Pelli Choopulu, vijana wawili wamefungiwa chumbani kwa bahati mbaya siku ya posa wakaanza kusimuliana walivyoshindwa maishani. Mwaka 2018 Venkatesh Maha akatoa C/o Kancharapalem. Alikwenda kwenye mtaa huo wa Visakhapatnam, akawachukua wakazi wenyewe, zaidi ya 80, wengi hawajawahi kusimama mbele ya kamera, na mtayarishaji wake alikuwa daktari wa moyo anayeishi Marekani. Kuna mapenzi manne: watoto wa shule, kijana Mkristo na binti wa Kibrahmini, mfanyakazi wa duka la pombe na mwanamke Mwislamu anayejiuza, na tarishi wa ofisini wa miaka 49 ambaye mtaa mzima unamsumbua aoe, naye amempenda bosi wake, mjane. Yanavyounganika mwishoni sitakuambia hata ukinihonga.

Na kuna Balagam ya mwaka 2023, ya Venu Yeldandi, aliyejulikana kwa vichekesho. Babu amekufa kijijini Telangana wakati mjukuu wake yuko katikati ya mipango ya uchumba, ana madeni, na alitegemea mahari kuyalipa, maana kule upande wa mwanamke ndio unaotoa. Siku ya matanga wanamwekea kunguru chakula alichokipenda marehemu. Kunguru asipogusa, roho ya mzee haijaridhika. Kunguru hagusi. Ukoo unaanza kutafuta kosa liko wapi, na tunagundua kuwa binti wa mzee hajakanyaga nyumbani miaka mingi kwa ugomvi wa mumewe na mashemeji zake, ugomvi ulioanza na mfupa wenye uboho ambao mkwe hakuwekewa kwenye sahani yake karamuni. Wewe na mimi, tuliokua tukijua firigisi ni ya nani, tunaelewa bila kutafsiriwa. Vijiji vya Telangana viliisimamishia skrini uwanjani, watu wakakaa chini na watoto wao, na magazeti yakaandika habari za ndugu waliokuwa hawasemezani ambao walipatana baada ya kuitazama. Umati, machozi, mikusanyiko ya usiku: vyote vilevile vya ibada ya steringi, isipokuwa skrini haikuwa na steringi.

Niongeze jambo la lugha, kwa kuwa mara nyingi huko ndiko uhalisia unakoanzia. Kwa miongo mingi Kitelugu cha filamu kilikuwa cha wilaya za pwani, Krishna na Guntur. Lafudhi ya Telangana aliachiwa mhuni, mlevi au mchekeshaji, kama ambavyo vichekesho vyetu humpa mlinzi au mpishi lafudhi ya bara watu wacheke. Mwaka 2014 Telangana ikawa jimbo lake. Mwaka 2017 Sekhar Kammula, katika Fidaa, akaiweka lafudhi hiyo kinywani mwa msichana shupavu, Sai Pallavi, ndiye kiini cha filamu. Balagam imesimama juu ya bega hilo. Mwambie dada yako kwamba filamu moja ya mapenzi yenye nyimbo iliwafanyia watu wa Telangana kitu ambacho hotuba nyingi hazikukifanya.

Lakini naomba asiamini kila kinachojiita halisi. Mwaka uleule wa 2017 ilitoka Arjun Reddy ya Sandeep Reddy Vanga, yenye matusi ya mtaani, kamera ya karibu, jasho, pombe, mambo yote yanayoitwa uhalisia. Wengi waliisifu kwa kuvunja ukuta. Mimi naiona ni hekalu lilelile lililopakwa matope. Daktari kijana anamchagua msichana kama mtu anavyochagua kiti, anamtangaza wake kabla hajasema neno, anampiga kofi, na hadithi nzima inazunguka maumivu yake yeye. Msichana haulizwi. Daktari ana kitu anachokipoteza, lakini mwisho vyote vinarudi mikononi mwake, hata heshima. Prabhas akirusha mti angani anadanganya kidogo kuliko hapo.

Kwa upande mwingine, mwambie atazame Rangasthalam ya Sukumar, 2018. Ram Charan, steringi wa juu kabisa, anaigiza Chitti Babu, kijana wa kijijini miaka ya 1980 asiyesikia vizuri, anayemwagilia mashamba ya watu kwa mashine. Anapiga watu, ndiyo. Anacheza, ndiyo. Lakini masikio yake yanamgharimu pale anapohitaji kusikia kuliko wakati wowote, kaka yake anauawa kwa kuthubutu kugombea dhidi ya rais wa kijiji, na ukifika mwisho utakuta chini ya mambo yote iko tabaka, lile mtu analozaliwa nalo, jambo ambalo sinema hii, inayomilikiwa kwa sehemu kubwa na koo chache za matabaka yenye nguvu, hulizunguka kama shimo. Kaka harudi. Hiyo ni filamu ya mashabiki iliyokubali kuumia.

Sukumar huyohuyo akatengeneza Pushpa. Ya kwanza, ya Desemba 2021, ina jeraha la kweli. Pushpa ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ndugu zake wa baba wanamkatalia jina la ukoo, na kila mlango anaoufungua mtu anamuuliza: wewe mtoto wa nani? Allu Arjun alijifunza Kitelugu cha Chittoor, akapandisha bega moja, akatembea kama mtu aliyebeba magogo ya msandali mwekundu milimani. Alikuwa Mtelugu wa kwanza kushinda Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kiume, na kwangu alistahili. Katika ya pili, ya 2024, waziri kiongozi anakataa kupiga picha naye, naye anaamua kumbadilisha waziri kiongozi. Jeraha limegeuzwa ngazi. Ni sehemu moja tu, ile ya sherehe za mungu wa kike Gangamma, ambako wanaume huvaa sari kwa nadhiri, iliyonirudishia yule kijana wa filamu ya kwanza.

Usiku wa tarehe 4 Desemba 2024, kabla filamu hiyo haijatoka rasmi, umati ulifurika kwenye ukumbi wa Sandhya, Hyderabad, kwa onyesho la mapema ambalo steringi mwenyewe alifika. Watu wakakanyagana. Mama mmoja aliyekuja na familia yake akafa, na mtoto wake wa kiume akaumia vibaya sana. Allu Arjun alikamatwa siku chache baadaye, akalala rumande usiku mmoja, akatoka kwa dhamana. Nani wa kulaumiwa ni kazi ya mahakama. Ninachokijua mimi ni kwamba maonyesho ya mapema kama hayo yaliwekwa kwa ajili ya zile siku tatu za msambazaji, na kwamba yule mama alilipa tiketi ili mwanawe amwone mtu anayempenda. Siwezi kuandika juu ya miluzi na maziwa nikamwacha nje.

Kwa hiyo dada yako ana haki juu ya woga wa filamu hizi, na amekosea juu ya watazamaji wake. Wateja wako wanaposimama kushangilia, wanashangilia kitu ambacho bosi wao, mwenye nyumba wao na askari wa barabarani hawajawapa. Usiwaonee haya. Ila unaweza kuwapa zaidi, kwa sababu wewe ndiye unayechagua.

Jaribu hivi. Anza na Rangasthalam Jumamosi usiku; ina nyimbo na ngumi za kutosha, hakuna atakayedai nauli yake. Wiki inayofuata weka Balagam, lakini usiiweke usiku wa vijana. Iweke Jumapili alasiri, waite na kina mama. Ukikosa iliyotafsiriwa, tafuta DJ wa mtaani mwenye utulivu, mkae naye mwitazame kwanza mara mbili, na umwombe asijaze kila kimya kwa maneno. Hasa pale mwishoni, waimbaji wa kijiji wanapokuja kumwimbia marehemu na watoto wake wanasikiliza wamekaa mbalimbali. Hapo mwambie azime kabisa maikrofoni.